Istilahi za Ushindani wa Biashara: Kudanganya, Kupotosha na Kupunja

Hivi karibuni tulipokea barua ya ofisa mmoja wa halmashauri ya wilaya katika Nyanda za Juu Kusini. Ofisa huyo alieleza kwamba alikuwa amebandika tangazo katika soko la viazi lenye maneno haya: "Ni marufuku kuwadanganya wakulima kwa kufunga lumbesa." Siku ya pili mfanyabiashara mmoja alimfuata ofisini akamwambia, "Bwana ofisa, mimi sijamdanganya mtu. Gunia mkulima analiona, nami naliona. Tumepatana bei mchana kweupe. Huo udanganyifu uko wapi?" Ofisa alikiri katika barua yake kwamba alikosa jibu, akatuuliza iwapo kosa lilikuwa la mfanyabiashara au la tangazo.

Jibu letu ni kwamba kosa lilikuwa la wote wawili. Mfanyabiashara alikuwa amevunja sheria, lakini tangazo lilimshitaki kwa kosa ambalo hakulitenda. Neno moja lisilofaa lilimpa mlango wa kutokea. Kwa kuwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, jambo la namna hii si dogo tena. Mfasiri anayechagua neno ndiye anayechora mpaka wa kosa. Makala hii yakusudia kuyachambua maneno yanayotumika katika uwanja wa ushindani wa biashara na hila za sokoni, na kutoa mapendekezo ya matumizi yake. Mifano yetu mingi tumeitoa Mbeya na Iringa, kwa sababu huko mazao ni mengi na msamiati wa soko ni tajiri.

1. Msamiati ulivyobadilika

Katika miaka ya 1970 na 1980 lugha yetu ya biashara ilikuwa lugha ya udhibiti. Sheria ya kudhibiti bei ya mwaka 1973 iliunda Tume ya Bei ya Taifa, na bei za bidhaa nyingi zilipangwa na Serikali. Adui wa mnunuzi katika miaka hiyo alijulikana kwa majina ya mlanguzi, mfanya magendo na mhujumu uchumi. Jina hili la mwisho lilienea sana katika kampeni ya mwaka 1983, wakati Edward Sokoine alipokuwa Waziri Mkuu. Maneno hayo yote yamhusu mtu anayekwepa mpango uliowekwa. Hayamhusu mtu anayeshindana na mwenzake, kwa kuwa ushindani wenyewe haukuwa msingi wa uchumi.

Mambo yalibadilika biashara ilipofunguliwa. Mwaka 1994 ilitungwa sheria ya kwanza ya kusimamia mwenendo wa haki katika biashara. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani na Baraza la Ushindani. Shabaha ya sheria hiyo ni kuinua ustawi wa Watanzania kwa kukuza na kulinda ushindani, na kwa kuzuia mwenendo wa sokoni usio wa haki na wenye kupotosha. Tokea hapo mfasiri hakuwa na budi kutafuta maneno ya makosa ambayo zamani hayakuwa na jina la kisheria, ingawa wananchi waliyafahamu vizuri na walikuwa na majina yao wenyewe.

2. Ushindani usio wa haki

Dhana hii ni ya zamani katika sheria za kimataifa. Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda ulitiwa saini mwaka 1883. Katika mkutano wa Brussels wa mwaka 1900 uliongezewa kifungu kuhusu ushindani usio wa haki, na kifungu hicho kikapanuliwa katika mikutano iliyofuata. Tanganyika ilijiunga na mkataba huo mwaka 1963. Kwa mujibu wa kifungu hicho, tendo lolote la ushindani lililo kinyume cha mwenendo wa uaminifu katika biashara ni ushindani usio wa haki. Matendo matatu yametajwa waziwazi: kwanza, kuleta mkanganyo kati ya bidhaa au biashara yako na ya mshindani wako, pili, kusema uongo unaomwondolea mshindani sifa, tatu, kutoa maelezo yanayoweza kuupotosha umma kuhusu asili, utengenezaji, sifa, manufaa au kiasi cha bidhaa.

Wafasiri wametumia maneno mbalimbali kuitaja dhana hii. Wako wanaosema "ushindani haramu", na wako wanaosema "ushindani usio halali". Tunaona kwamba yote mawili yana kasoro. "Haramu" lina uzito wa kidini ambao sheria haikuukusudia. "Usio halali" humfanya msomaji aulize ni kifungu gani kilichovunjwa, hali kipimo cha mkataba ni uaminifu wa wafanyabiashara wenyewe. "Ushindani usio wa haki" lafaa zaidi, kwa kuwa haki katika Kiswahili ni neno la sheria na pia ni neno la uungwana.

Hata hivyo, mfasiri aangalie asilichanganye kosa hili na lingine linalokaa jirani nalo. Tuchukue mfano. Wanunuzi watano wa mahindi wanakutana usiku na kukubaliana kwamba kesho hakuna atakayempa mkulima zaidi ya bei fulani. Hawa hawashindani kwa hila. Wameamua kutoshindana kabisa. Kosa lao ni makubaliano ya kufifisha ushindani. Kwa hiyo sheria ya ushindani ina mikono miwili: mmoja huwazuia watu wasiuue ushindani, na mwingine huwazuia wasishindane kwa hila. Istilahi mbili zahitajika, na moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine.

3. Kudanganya na kupotosha

Hapa ndipo wafasiri wengi hujikwaa. Kiswahili kina maneno mengi ya hila: kudanganya, kuhadaa, kulaghai, kughilibu, kurubuni, kupotosha. Katika mazungumzo ya kawaida twaweza kuyabadilishana bila madhara. Katika sheria hatuwezi.

Tuyatazame mawili, kudanganya na kupotosha. Anayedanganya anaujua ukweli na anausema uongo makusudi. Neno hilo humtazama mtendaji na nia yake. Anayepotosha humfanya mwenzake apotoke, aiache njia iliyo sawa. Yawezekana alikusudia, na yawezekana hakukusudia. Neno hilo humtazama aliyepotoka na matokeo yaliyompata. Mzee anayemwelekeza mgeni njia isiyo sahihi kwa kusahau amempotosha, lakini hakuna mtu mwungwana atakayesema kwamba amemdanganya.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, katika kifungu cha 15, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kuhadaa, na hata ule unaoelekea kupotosha au kuhadaa. Maneno "unaoelekea" yaonyesha kwamba si lazima mtu awe amekwisha kupotoka. Yatosha kwamba maelezo yenyewe yaweza kumpotosha mnunuzi. Ikiwa mfasiri ataandika "udanganyifu" mahali pote, atakuwa ameingiza sharti la nia ambalo mtunga sheria hakuliweka. Muuza mbolea ambaye mifuko yake ina maelezo yasiyo ya kweli atasimama na kusema, "Mimi niliipokea hivi kutoka kwa wakala, sikukusudia kumdanganya mtu." Kwa neno udanganyifu, utetezi huo una nguvu. Kwa neno upotoshaji, utetezi huo hauondoi kosa. Mkulima wa Mbozi au wa Kilolo aliyepoteza msimu mzima kwa mbolea hiyo ndiye atakayelipia kosa la mfasiri.

Kwa sababu hiyo twapendekeza "kupotosha" liwe neno la msingi la mwenendo usiohitaji kuthibitishiwa nia. "Kuhadaa" litumike sambamba nalo pale ambapo sheria imetaja mambo yote mawili. Na "kudanganya" pamoja na "ulaghai" yaachiwe makosa ya jinai ambayo nia ya mtendaji ni sehemu ya kosa.

Jambo moja lapasa kuongezwa kuhusu matangazo ya biashara. Wahenga wamesema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo kujitembeza peke yake si kosa. Muuzaji anayeita, "Njooni, viazi vitamu kuliko vyote duniani!" hampotoshi mtu, kwa kuwa kila mpita njia ajua kwamba hiyo ni sifa ya mwenye mali. Lakini akisema, "Viazi hivi ni mbegu iliyothibitishwa," hapo ametaja jambo linaloweza kuchunguzwa, na kama si kweli amepotosha. La kwanza twaweza kuliita "sifa ya muuzaji". La pili ni "maelezo ya bidhaa".

4. Lumbesa na kupunja

Sasa turudi kwenye tangazo la ofisa wetu. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Kipande cha gunia au cha wavu hushonewa juu, kisha viazi vikaongezwa mpaka gunia likawa na kichwa. Kwa kawaida wakulima wa viazi mviringo katika vilima vya Mbeya, Iringa na Njombe (uliokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012) huuza kwa gunia, si kwa kilo. Mizani ni adimu shambani, viazi huoza upesi, na mwenye lori ana haraka. Anayebeba hulipwa kwa gunia, na ushuru nao ukitozwa kwa gunia, kila mmoja katika safari hiyo ana sababu ya kutaka gunia liwe kubwa, isipokuwa mkulima.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, hairuhusu mazao ya shamba yafungashwe katika gunia linalozidi kilo 100. Usimamizi wake uko chini ya Wakala wa Vipimo. Ndiyo kusema, kosa la lumbesa ni kuzidisha kipimo. Wala halitegemei iwapo mkulima aliona au hakuona, alikubali au hakukubali.

Je, Kiswahili hakina neno la jambo hili? Kinalo, tena la siku nyingi: kupunja. Kumpunja mtu ni kumpa pungufu ya anachostahili. Muuza sukari aliyechezea mizani humpunja mnunuzi. Muuza mchele mwenye kisado kilichobonyezwa kitako humpunja mnunuzi pia. Na mnunuzi anayelipa bei ya gunia moja akaondoka na gunia na kichwa chake humpunja mkulima. Neno hili halina haja ya giza wala siri. Mtu aweza kupunjwa huku anaona, kwa kuwa hana la kufanya. Hiyo ndiyo hali halisi ya mkulima wa viazi, na neno "kudanganya" haliwezi kuieleza.

Wako watakaouliza lumbesa yahusiana vipi na ushindani. Tuchukue mfano wa wafanyabiashara wawili wanaonunua viazi katika kijiji kimoja, kwa bei moja ya gunia, kila mmoja magunia 50. Wa kwanza anafunga kilo 100, kama sheria inavyotaka. Wa pili anafunga lumbesa ya kilo 130. Huyu wa pili ameondoka na kilo 1,500 za ziada bila kulipa hata senti, yaani magunia 15 ya halali. Wakifika Dar es Salaam, wa pili aweza kuuza kwa bei ya chini kuliko mwenzake na bado akapata faida kubwa zaidi. Wa kwanza ana njia mbili tu: aache biashara, au naye afunge lumbesa. Hivyo lumbesa humpunja mkulima na papo hapo humwadhibu mfanyabiashara mwaminifu. Huo hasa ndio ushindani usio wa haki, na ndiyo maana wema wa mtu mmoja mmoja hautoshi kuukomesha.

Neno "lumbesa" lenyewe tunaona lipokewe katika istilahi rasmi. Linafahamika tangu shambani hadi bungeni, lina maana moja, na hatuna neno jingine linaloshika nafasi yake. Kuliita "ufungashaji uliozidi kipimo" katika tangazo la soko ni kumfanya mkulima asijue kwamba ndiye anayetetewa.

5. Bandia, hafifu na kuchakachua

Gazeti likiandika "bidhaa feki", msomaji haelewi ni kosa gani limetendeka. Chini ya neno hilo moja zimejificha bidhaa za aina tatu, na kila aina ina chombo chake cha kuisimamia.

(a) Bidhaa bandia ni ile iliyobebeshwa alama ya biashara ya mtu mwingine bila idhini yake. Makosa ya aina hii yamo katika Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo husimamiwa na Tume ya Ushindani. Wako wasioridhika na neno bandia, kwa kuwa meno ya bandia na nywele za bandia hazimpotoshi mtu wala si kosa. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini "bidhaa bandia" limekwisha kuzoeleka katika taarifa za Serikali, na likitumika pamoja na neno bidhaa halileti utata. Twaona libaki. "Kughushi" liachiwe nyaraka, saini na fedha, kama linavyotumika katika sheria ya jinai.

(b) Bidhaa hafifu ni ile ambayo haikufikia kiwango kilichowekwa, hata kama jina lililoandikwa juu yake ni la mtengenezaji halisi. Hapa mhusika ni Shirika la Viwango, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Bidhaa yaweza kuwa bandia bila kuwa hafifu, na yaweza kuwa hafifu bila kuwa bandia.

(c) Bidhaa iliyochakachuliwa ni ile iliyochanganywa na kitu cha thamani ndogo, kisha ikauzwa kana kwamba ni safi. Neno hili lilipata umaarufu mkubwa mnamo mwaka 2010, watu walipolitumia kwa dizeli na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kisha likahamia haraka katika siasa za uchaguzi. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchanganyaji huo. Kuna wanaoliona neno hili kuwa la mitaani. Sisi twaona kwamba lina kazi maalumu ambayo "kuchanganya" peke yake halifanyi, maana si kila mchanganyiko ni hila. Lifae katika maelezo na mafunzo. Katika maandishi ya sheria liambatane na fasili yake.

6. Jina la mahali

Mchele wa Kyela una sifa nchini kote kwa harufu na ladha yake. Sifa hiyo imezaa tabia ya kuuza michele ya kila mahali kwa jina la Kyela. Baadhi ya wauzaji hujitetea kwamba Kyela si jina la mahali tena, bali ni jina la aina ya mchele. Utetezi huo ni wa kiistilahi kabisa, na unastahili jibu la kiistilahi.

Jina la mahali likiwekwa juu ya bidhaa laweza kumaanisha moja ya mambo mawili: asili, yaani bidhaa imetoka hapo, au aina, yaani imefanana na ile itokayo hapo. Mnunuzi anayelipa bei ya juu kwa mchele wa Kyela hulipia asili. Maelezo yasiyo ya kweli kuhusu mahali bidhaa ilipotoka yanahesabiwa kuwa "maelezo ya uongo ya bidhaa" katika sheria ya alama za bidhaa. Twapendekeza maneno "jina la asili" kwa matumizi ya kwanza na "jina la aina" kwa matumizi ya pili. Wakulima wa Kyela wakiacha jina lao ligeuke jina la aina, watakuwa wamepoteza mali ambayo hakuna lori lililoibeba.

7. Maneno mengine ya kuangaliwa

Upatu ni desturi njema ya kuchangishana kwa zamu, na akina mama wengi wa Iringa na Mbeya wamesomeshea watoto kwa upatu. Ni makosa kuuita kwa jina hilo mpango ambao faida ya waliotangulia hutoka mifukoni mwa wanaoingia nyuma, kama ule wa DECI ulioporomoka mwaka 2009, ambao wanachama wake waliambiwa "wanapanda mbegu". Huo uitwe "mchezo wa piramidi".

Tangazo la bei ya chini kwa bidhaa ambayo muuzaji hana, au anayo chache mno, ili mteja akifika auziwe nyingine, liitwe "tangazo chambo".

Ukiritimba hutumiwa na watu wengi kwa maana ya urasimu wa ofisini. Katika lugha ya ushindani maana yake ni hali ya muuzaji mmoja kulitawala soko peke yake. Mfasiri alitumie kwa maana hiyo tu.

Mlaji na mtumiaji hutumika sawa katika maandishi ya Serikali. Mlaji lina ufupi na nguvu, lakini anayenunua simu au bima halijamkaa vizuri. Twapendelea "mtumiaji". Hata hivyo mkulima anayeuza viazi si mlaji wala si mtumiaji, na sheria inayomlinda mtumiaji peke yake itamwacha nje. Kwa huyo neno ni "mzalishaji".

8. Mapendekezo kwa ufupi

Ushindani usio wa haki: kushindana kwa njia zisizo za uaminifu.
Kufifisha ushindani: kukubaliana au kutumia nguvu ya soko ili ushindani upungue.
Kupotosha: kumfanya mtu aamini lisilo kweli, kwa kukusudia au bila kukusudia.
Kudanganya, ulaghai: kupotosha kwa kukusudia.
Kupunja: kumpa mtu kiasi au thamani pungufu ya anayostahili.
Lumbesa: gunia la mazao lililozidishwa kupita kipimo cha sheria.
Kumkashifu mshindani: kusema uongo unaoharibu sifa ya biashara yake.
Bidhaa bandia, bidhaa hafifu, bidhaa iliyochakachuliwa: kama zilivyoelezwa hapo juu.

Ofisa aliyetuandikia tulimshauri aliondoe tangazo lake la kwanza na kubandika hili: "Ni marufuku kufungasha viazi au mazao mengine ya shamba katika gunia linalozidi kilo 100. Kufunga lumbesa ni kumpunja mkulima, hata kama ameliona gunia na kulikubali." Maneno hayo hayampi mtu mlango wa kutokea.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa umma watuletee maneno yanayotumika katika masoko ya kwao kwa hila za vipimo, za bei na za majina. Kamusi haikutunga neno lumbesa; limetoka sokoni, mahali ambapo jambo lenyewe linauma.